Kutoa presha kwa usalama: maana yake kiwandani

Nilipokuwa fundi msaidizi katika kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti, nje kidogo ya Dodoma, valvu ya usalama ya boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke wa kiwandani, ilianza kutoa mvuke kidogo kidogo, kama pua yenye mafua. Mwenzangu wa zamu ya usiku akaikaza springi kwa spana mpaka ikanyamaza. Asubuhi fundi mkuu akaona skrubu imezama kuliko jana. Hakumgombeza mtu, alisema tu, "Zimeni moto, vijana."

Kutoa presha kwa usalama ni kukipa chombo kilichofungwa njia ya kupumua kabla presha ya ndani haijalishinda bati lake, na kuhakikisha kwamba kinachotoka kinakwenda mahali ambapo hakitamdhuru mtu. Wengi tunaikumbuka nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Tuanze na boila. Dodoma ipo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya chai hapa huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Ndani ya boila ambalo geji yake inasoma presha ya bar 7, maji hayo hayo yana nyuzi 170. Bati likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikishakuwa mvuke huhitaji nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Huo mtanuko wa ghafla ndio unaobomoa kuta. Valvu ya usalama huwekewa springi inayoachia kabla mambo hayajafika huko. Ni lazima iweze kupitisha mvuke wote ambao boila linaweza kuuzalisha moto ukiwa mkali kabisa, na kati yake na boila pasiwe na koki yoyote ambayo mtu anaweza kuifunga. Mvuke nao upelekwe kwa bomba mpaka nje, juu ya vichwa vya watu. Nimewahi kuona bomba la aina hiyo limeelekezwa kwenye kijia cha wapakiaji wa mashudu, na mpaka leo nikilikumbuka roho hainitulii.

Nusu ile ya pili ndiyo iliyoua Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Maji yaliingia kwenye tangi la kemikali ya kutengenezea viuatilifu, tangi likapata joto, presha ikapanda, na valvu ikafunguka kama ilivyotakiwa. Tangi halikupasuka. Lakini mnara wa kuosha gesi haukuweza kuikabili, mnara wa kuiteketeza ulikuwa umetenganishwa ukisubiri matengenezo, na mtambo wa kulipooza tangi ulikuwa umezimwa tangu miezi ya nyuma. Tani 40 hivi za sumu ziliwashukia watu usingizini, na maelfu wakafa.

Usidhani jambo hili ni la mitambo mikubwa tu. Dodoma ni mji wa zabibu, na matangi ya mvinyo yanapumua pia. Lita moja ya maji ya zabibu yenye gramu 200 za sukari, ikichachuka yote, hutoa karibu lita 50 za kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na hutuama chini, kwenye mashimo na ndani ya matangi yaliyokwisha kumwagwa. Mtu akiingia kusafisha bila kupima hewa, anaanguka. Mwenzake akirukia kumwokoa, naye anaanguka. Kwa hiyo tundu la juu ya tangi halitoshi, chumba chenyewe kipitishe hewa kuanzia sakafuni. Na tangi huvuta pumzi ndani vilevile. Ukiliosha kwa maji ya moto kisha ukafunga matundu yote na kumimina maji baridi, mvuke wa ndani hurudi kuwa maji na nafasi yake hubaki tupu. Hewa ya nje hapa Dodoma inasukuma kwa uzito wa karibu tani 9 kila mita ya mraba. Sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo inatosha kulikunja tangi la bati jembamba kama kopo lililokanyagwa.

Sasa nirudi kwenye valvu yetu, maana hapo ndipo nilipojifunza maana ya uchambuzi wa hitilafu: kuuliza kwa nini mpaka ufike mahali ambapo ukirekebisha, tatizo halirudi. Boila lilipopoa, fundi mkuu aliifungua valvu juu ya kitambaa cheupe, akatuzuia kuifuta. Kwenye kikalio chake, pale kizibo cha valvu kinapokaa kikifunga, palikuwa na ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika. Uliizuia isifunge sawasawa, ndiyo maana ilivuja. Ukoko umetoka wapi? Maji yenye chumvichumvi yalikuwa yanabebwa na mvuke. Kwa nini? Maji ya kisima chetu ni magumu, yaani yana madini mengi, na boila halikuwa likifunguliwa chini kutoa tope kila zamu. Na mashine ya kulainisha maji je? Ilikuwepo, inazunguka, ila tangi lake la chumvi, ambayo bila hiyo mashine haiwezi kuendelea kulainisha maji, lilikuwa kavu. Hakuna aliyeagiza chumvi tangu mtunza stoo wa zamani aondoke, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ile chumvi ya kawaida iliyokuwa ikiletwa kwa magunia ilikuwa ya boila.

Mwenzangu aliyekaza springi alieleza kila kitu bila kuficha, kwa sababu aliulizwa kwa upole. Angetishwa, tungeishia kwenye spana, na ukoko ungerudi baada ya miezi michache. Kikalio cha valvu kilisagwa kikawa laini, valvu ikapimwa presha ya kufungukia, ikapigwa lakiri ili springi isiguswe tena. Chumvi ikaandikwa kwenye orodha ya stoo, na pembeni yake neno "boila".