Unga wa Protini kwa Wanaonyanyua Vyuma: Hesabu Ianzie Kwenye Sahani

Anayeanza kunyanyua vyuma huuliza mapema sana anunue unga gani wa protini, na ni nadra kwanza kuuliza anakula protini kiasi gani kwa siku. Kwa sababu hiyo wapo wengi wanaotumia unga wasiouhitaji, na wapo wanaouhitaji kweli lakini wanautumia vibaya. Unga huu si dawa, wala hauna nguvu ya kukuza misuli ya mtu asiyefanya mazoezi. Ni chakula kilichochujwa na kukaushwa, na kazi yake ni kuziba pengo pale ambapo mlo wa kawaida haukutosheleza.

Ukubwa wa pengo hilo hupimwa kwa hesabu rahisi. Mtu mzima mwenye afya hushauriwa kupata takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ilhali anayenyanyua vyuma ili ajenge misuli huhitaji kati ya gramu 1.4 na 2.0 kwa kilo. Uchambuzi uliojumuisha tafiti 49, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kwa wastani faida ya kuongeza protini hufikia ukomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo. Wapo wanaonufaika na kiasi kinachozidi hapo kidogo, lakini anayekula gramu tatu kwa kilo akidhani misuli itakua maradufu anajitwisha gharama bure.

Tumchukue mtu mwenye kilo 70. Kwa kiwango cha gramu 1.6, anahitaji gramu 112 kwa siku. Akila mayai matatu atapata gramu 18 hivi. Vikombe viwili vya maziwa vitampa 16. Kikombe cha maharage yaliyoiva kitampa 15. Na gramu 100 za samaki au nyama isiyo na mafuta, ikishapikwa, zitampa takribani 25. Nafaka, ambazo wengi husahau kuzihesabu, zinaweza kuongeza 15 nyingine. Jumla ni gramu 89, na zinazobaki ni 23. Hapo kipimo kimoja cha unga kinatosha kabisa, na vilevile angetosheka kwa kuongeza kipande kingine cha samaki cha ukubwa uleule. Unga unapendelewa kwa sababu ni mwepisi kubeba na hauhitaji kupikwa, jambo lenye manufaa ya kweli kwa mtu anayetoka mazoezini moja kwa moja kwenda kazini.

Wengi hukosea wanaposoma lebo. Kijiko cha kupimia kilichomo ndani ya kopo huchota gramu 30 hivi za unga, na mtumiaji huandika kwenye hesabu zake kwamba amekula gramu 30 za protini. Sivyo. Tafuta kwenye lebo gramu za protini kwa kipimo kimoja, kisha uzigawanye kwa uzito wa kipimo chenyewe: gramu 24 katika 30 ni asilimia 80, kiwango kizuri kwa unga wa kawaida wa wei, yaani protini ya yale majimaji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Wei iliyochujwa zaidi hufikia asilimia 90 na hubaki na laktosi, yaani sukari ya maziwa, kidogo sana, hivyo humfaa anayejaa gesi au kuharisha akinywa maziwa. Hesabu ikikupa asilimia 20 au 30, ujue umeshika unga wa kuongeza uzito, ambao sehemu yake kubwa ni wanga na sukari, hata kama picha ya koponi ni ya mtu mwenye misuli iliyotuna.

Lebo nayo inaweza kudanganya. Kipimo cha maabara kilichozoeleka hakihesabu protini yenyewe, bali hupima naitrojeni, elementi iliyomo katika kila protini, na kukadiria protini kutokana nayo. Kwa hiyo mtengenezaji asiye mwaminifu anaweza kuchanganya asidi amino (vijenzi vidogo vya protini, navyo vina naitrojeni) za bei nafuu, kama vile glaisini, na kopo likaonekana limesheheni protini. Udhaifu huohuo ndio uliotumiwa nchini China katika kashfa iliyofichuka mwaka 2008, melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ilipotiwa kwenye maziwa na watoto wachanga wakaugua figo, wengine wakafa. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1994, virutubisho havihitaji idhini ya usalama na ufanisi kutoka serikalini kabla ya kuuzwa. Ndiyo maana bidhaa iliyopimwa na maabara huru, na yenye alama ya kuthibitisha hivyo, ina uzito kuliko sifa zote zilizoandikwa na muuzaji.

Kuhusu muda wa kunywa, hofu ya kwamba usipokunywa ndani ya nusu saa umepoteza mazoezi haina msingi, kwani misuli huendelea kujijenga kwa siku nzima na zaidi baada ya mazoezi mazito. La maana ni jumla ya siku, ikigawanywa kwenye milo yenye gramu 20 hadi 40 kila mmoja. Asiyetumia vyakula vya wanyama anaweza kutegemea unga wa soya au wa njegere, ila apime kipimo kikubwa kidogo kwa kuwa protini ya mimea kwa kawaida ina leusini, asidi amino inayochochea ujenzi wa misuli, pungufu kuliko wei.

Kwa mtu mwenye figo nzima, viwango tulivyovitaja havijaonekana kuzidhuru. Mwenye ugonjwa wa figo ni suala jingine kabisa: kwake protini nyingi inaweza kuharakisha kuharibika kwa figo, na asiguse unga bila ruhusa ya daktari. Wenye kisukari au shinikizo la damu wapime figo kwanza, kwa sababu ugonjwa wa figo kwa kawaida huanza bila dalili yoyote.

Mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa awe mwangalifu zaidi, maana kanuni za kimataifa humwajibisha kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kiliingia kwa unga uliochafuliwa kiwandani bila yeye kujua. Anunue tu bidhaa ambayo kila toleo lake, yaani kila mkupuo wa utengenezaji, limepimwa, aandike namba ya toleo, na ahifadhi kopo pamoja na unga kidogo uliobaki.