Risasi haimwangushi nyati kwa kumsukuma

Barazani Malindi, mazungumzo yakifika enzi za uwindaji, kabla Kenya haijaupiga marufuku mwaka 1977, haikosi kutajwa risasi ya .375 H&H Magnum: eti kishindo chake humtupa nyati chini. Sivyo.

Risasi hiyo, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, kwa kawaida hurusha kichwa, yaani kipande cha chuma kinachotoka mtutuni, cha gramu 19.4 kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Kikikwama ndani ya nyati wa kilo 700, msukumo wake wote ungemsogeza kwa mwendo wa sentimita 2 hivi kwa sekunde. Teke la bunduki begani halina msukumo mdogo kuliko huo, na mpigaji hubaki wima.

Kinachoangusha ni jeraha. Ubongo au uti wa mgongo ukipigwa, miguu hulegea papo hapo. Mapafu yakitobolewa, mnyama aweza kukimbia makumi ya mita mpaka damu ipungue ubongoni, na nyati katika hali hiyo ni hatari kweli. Kichwa laini kikipasuka kwenye mfupa wa bega, mapafu huenda yasifikiwe. Kwa hiyo wawindaji wengi wa nyati huchagua kichwa kigumu kinachopenya bila kuvunjika.