Kasuku Akitoroka Nyumbani: Tangulizeni Masikio

Kasuku wa kijivu aliyefugwa ndani kwa miaka mingi hatoroki kwa kupanga safari. Mara nyingi hushtuliwa na mlango uliobamizwa na upepo, mlio wa pikipiki au kivuli cha mwewe kilichopita dirishani, akaruka kabla hajajua anakokwenda, na anapotahamaki yuko kileleni mwa mwarobaini wa jirani, mahali pa juu kuliko popote alipowahi kutua. Kupaa ni silika yake, lakini kuteremka kutoka juu ya mti mrefu, katikati ya matawi yaliyosongamana, ni ufundi ambao kinda wa msituni huupata kwa kuwafuata wakubwa, na huyu hakuwa na wa kumfuata. Ndiyo maana ndege anayeonekana kukaidi wito wa mwenyewe huenda anataka sana kuja, ila hajui ateremke vipi.

Kwa sababu hiyo, aliyemwona akiruka asimwondolee macho hata kidogo, bali amtume mtu mwingine alete tundu na chakula. Aangalie upande alioelekea na pia namna alivyokuwa akiruka: ndege aliyekuwa akishuka taratibu huku akipiga mbawa kwa shida amechoka na ametua karibu, ilhali aliyekuwa bado anapaa anaweza kuwa mitaa kadhaa mbele. Kukatwa manyoya ya mbawa si dhamana, kwa maana manyoya hayo huota upya, na upepo mkali humbeba hata ndege aliyepunguzwa.

Asipoonekana, atafutwe kwa masikio. Rangi ya kijivu hupotea ndani ya majani, na mkia mwekundu si rahisi kuuona kutoka chini. Katika misitu ya Kongo, ya Uganda na ya Kakamega nchini Kenya, kasuku hawa huitana kundi kwa kundi, hasa alfajiri wanapotoka malaloni na jioni wanaporejea, na aliyefugwa hubaki na tabia hiyo. Saa za mwanzo anaweza kunyamaza kabisa kwa hofu, kisha akaanza kuita. Mwenyewe atamke yale maneno na mluzi wa kila siku nyumbani, halafu anyamaze kwa muda na kusikiliza. Tunasisitiza kunyamaza kwa sababu familia nyingi hulizunguka eneo zikipaza sauti mfululizo, hata ndege akijibu hakuna anayemsikia.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, kunguru wa India humzonga ndege mgeni na kumfukuza mti hadi mti. Ni hatari, lakini pia ni dalili: kelele za kunguru waliokusanyika juu ya mti mmoja zinastahili kufuatwa mara moja.

Akishapatikana mtini, kazi iliyobaki ni subira. Tundu lake liwekwe wazi mahali anapoweza kuliona, hasa juu ya paa au kwenye roshani iliyo karibu na kimo chake, na kama nyumbani kuna kasuku mwingine, aletwe akiwa ndani ya tundu lake ili waitane. Mtu anayempenda zaidi akae hapo ale njugu au alizeti mbele yake bila haraka. Siku ya kwanza woga unaweza kuishinda njaa; siku ya pili huwa tayari zaidi kushuka tawi kwa tawi. Giza likiingia akiwa bado juu, kwa kawaida atalala pale pale. Kosa la kawaida ni kwenda kulala na kurudi saa mbili asubuhi, wakati ndege ameshahama. Mwenyewe anapaswa kuwa chini ya mti huo kabla hakujapambazuka.

Mawe, manati na vijana wa kukwea humfanya apande juu zaidi au aruke mbali. Ulimbo huharibu manyoya, na hatuuruhusu kwa hali yoyote. Kumrushia maji ya mpira kunasifiwa na baadhi ya wafugaji, ila sisi hatukushauri, kwani asiposhikwa atalala na baridi mwilini. Akifika karibu, apewe mkono apande mwenyewe. Ikishindikana, afunikwe kwa kanga nyepesi, na asibanwe kifua, kwa kuwa ndege hupumua kwa kuusogeza mfupa wa kidari.

Kasuku mwenye njaa huwafuata watu, kwa hiyo wengi huishia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Walinzi, waendesha bodaboda, walimu, misikiti na makanisa ya mtaa waarifiwe mapema. Tangazo liwe na picha, lakini namba ya pete ya mguuni isitajwe, ili ibaki kuwa swali kwa atakayedai amempata. Mwaka 2008, kasuku wa kijivu aliyepotea katika mji wa Nagareyama nchini Japani alimtajia daktari wa mifugo jina lake na anwani ya kwao. Ni kisa cha kweli, ila si cha kutegemea, maana wengi hunyamaza mbele ya wageni. Chipu iliyowekwa chini ya ngozi ndiyo ya kutegemewa: haionyeshi ndege alipo, bali namba yake ikisomwa huthibitisha mwenyewe. Huko California, kasuku aitwaye Nigel alirudishwa kwao kwa njia hiyo mwaka 2014, baada ya kupotea kwa miaka minne, akiwa amejifunza Kihispania.

Wapo wanaoogopa kutangaza kwa sababu hawana kibali. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimhamishia kasuku huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, na nchini Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, ambayo mwaka 2023 ilitoa muda wa msamaha kwa waliokuwa hawana. Ushauri wetu ni kuripoti hata hivyo, kwa kuwa ukimya humwacha ndege mikononi mwa wauzaji. Aliyemwokota naye aripoti kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi yake, na asimpeleke msituni kwa kudhani anamrudisha kwao: hajui kujilisha huko, na anaweza kuwaambukiza kasuku wa mwituni ugonjwa wa mdomo na manyoya.

Akirudi, apewe maji kwanza, kisha chakula alichozoea kwa kiasi kidogo kidogo, na atengwe na ndege wengine mpaka daktari wa mifugo amchunguze. Parachichi asipewe, kwani ni sumu kwake.