Steve Collins: vipigo vitatu kabla ya Eubank

Mtaje Steve Collins mbele ya watu waliofuatilia ngumi miaka ya tisini, na wengi watakurukia na kisa kimoja: yule Mwairishi aliyedai amefanyiwa hipnosisi, kwamba akili yake imepumbazwa asisikie maumivu, kisha akampiga Mwingereza Chris Eubank. Kisa ni kitamu na kilitokea kweli. Ila mimi kazi yangu ni kufundisha vijana ngumi, na nikiisoma rekodi ya Collins naanzia kwingine kabisa, kwenye mapambano aliyopoteza.

Yako matatu tu. Kwenye ngumi za kulipwa alipanda ulingoni mara 39, akashinda 36, na katika hizo 21 mpinzani hakufika mwisho. Hayo matatu yote alipoteza kwa pointi. Hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Collins alizaliwa Dublin mwaka 1964, mtaa wa Cabra, kwenye familia ya ngumi. Mwaka 1986 alivuka bahari kwenda Massachusetts, Marekani, akajiunga na jimu ya ndugu wawili wa Petronelli pale Brockton. Hiyo ndiyo jimu iliyomtoa bingwa wa dunia Marvin Hagler, na Hagler mwenyewe bado alikuwa akifanya mazoezi humo. Kijana akikulia mahali pa namna hiyo hafundishwi madoido. Anafundishwa kusonga mbele kidevu kikiwa chini na mikono ikirudi usoni kila baada ya konde, tena na tena hadi mwili uzoee.

Februari 1990, Boston, akapewa nafasi ya ubingwa wa dunia wa WBA (moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa) uzito wa kati, kilo 72.5, dhidi ya Mike McCallum. Mjamaika yule alikuwa hatari kwenye mbavu kuliko bondia yeyote wa enzi ile. Nusu ya kwanza ya pambano Collins alikuwa mwanafunzi. Nusu ya pili mambo yakageuka, na mzee ndiye aliyekuwa anahema. Majaji wakampa McCallum, na kwa haki. Lakini kocha akilitazama pambano hilo anaona pafu: baada ya raundi 12 na bingwa kama yule, Collins ndiye aliyekuwa bado anatupa.

Aprili 1992 akapigania mkanda huohuo, safari hii ukiwa hauna mwenyewe, akashindwa na Reggie Johnson. Jaji mmoja aliona sare. Miezi sita baadaye akaenda Italia kuwania ubingwa wa Ulaya, na hapa wasomaji wa Lubumbashi wakae vizuri, maana mpinzani wake alikuwa mzaliwa wa mji wenu: Sumbu Kalambay. Bondia huyu aliyehamia Italia ndiye aliyempa McCallum kipigo cha kwanza maishani, mwaka 1988. Alipokutana na Collins alikuwa na miaka 36, miguu imepungua kasi, lakini jicho lilikuwa lilelile. Alishinda kwa pointi chache.

Basi huyo ndiye mtu aliyeitwa "aliyeshindwa mara tatu". McCallum, Johnson, Kalambay! Bondia wangu akiniletea vipigo vitatu vya aina hiyo sitamwambia astaafu.

Mei 1994, Sheffield, akamsimamisha Chris Pyatt raundi ya tano na kuchukua mkanda wa shirika jingine, WBO, uzito wa kati. Hakuutetea hata mara moja. Mwanzoni mwa 1995 Eubank alikuwa amepangiwa kurudiana na Ray Close wa Belfast, waliyetoka naye sare mwaka 1993, lakini vipimo vya ubongo vikamzuia Close kupigana. Collins akaitwa kuziba nafasi, akapanda hadi kilo 76.2, uzito ambao Eubank alikuwa bingwa wake wa WBO.

Pambano lilikuwa tarehe 18 Machi 1995 huko Millstreet, mji mdogo wa kaunti ya Cork, kwenye ukumbi wa maonyesho ya farasi (usiudharau, miaka miwili kabla yake Eurovision ilifanyikia humo). Eubank alikuwa na mapambano 43 bila kushindwa. Habari za hipnosisi zilimkera hadi akataka kujitoa. Usiku wenyewe, wakati Eubank anaingia kwa mbwembwe zake, Collins alikaa kwenye kona amefumba macho, vipokea sauti masikioni, hamtazami mtu. Kumbuka huyu ni Eubank aliyekuwa ulingoni Septemba 1991 Michael Watson alipoumia ubongo. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ukimwambia mpinzani wake hasikii maumivu, umemgusa pabaya.

Hata hivyo, maneno hayamwangushi mtu. Eubank alizoea kupigana kwa vipande: anajiremba, anapumzika, kisha dakika ya mwisho anamwaga makonde na kuiba raundi. Collins alimnyima mapumziko hayo, akimfanyisha kazi dakika zote tatu. Raundi ya nane Eubank akaenda chini. Raundi ya kumi ikawa zamu ya Collins, naye akainuka, na Eubank akashindwa kummaliza. Majaji wote watatu walimpa Collins. Septemba mwaka huohuo walirudiana mjini Cork, na Collins akaja kivingine, akimvamia tangu kengele ya kwanza. Ushindi ukawa wa majaji wawili kwa mmoja.

Mwaka 1996 alimsimamisha Mwingereza Nigel Benn mara mbili Manchester. Ya kwanza Benn aliteguka kifundo cha mguu raundi ya nne, hivyo siihesabu sana. Ya pili Benn hakuinuka kitini baada ya raundi ya sita, na hiyo naihesabu yote.

Mkanda aliomnyang'anya Eubank aliutetea mara saba, akamtafuta bingwa wa Marekani Roy Jones Jr. bila kumpata, akastaafu mwaka 1997 wakati alitarajiwa kukutana na kijana wa Wales, Joe Calzaghe. Mwaka 1999 alijaribu kurudi ili apigane na huyohuyo Calzaghe, akazimia mazoezini akisparingi na Howard Eastman, na safari ikaishia hapo. Wangekutana mwaka 1997, mimi ningempa Calzaghe kwa kasi ya mikono, lakini kwa pointi tu, tena baada ya kupata taabu kubwa raundi za mwisho.