Mawe ya Mwanza hayakurushwa na volkano, na chini yetu hakuna bahari ya moto

Juzi nilikaa na mpwa wangu wa darasa la sita ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, akaniuliza mjomba hivi haya mawe yalirushwa na volkano ya wapi, maana mwenzake kamwambia chini ya ardhi kuna bahari ya moto ikichemka inatema mawe. Watu wazima pia wanasema hivyo hivyo ndo maana naandika.

Tuanze na hiyo bahari ya moto. Haipo. Chini ya ganda la dunia kuna mantili, inashuka mpaka kama kilomita 2,900, na karibu yote ni mwamba mgumu. Joto lipo, tena linapita digrii 1,300, ila uzito wa miamba iliyo juu umeubana ule mwamba hauyeyuki. Mwenye presha kuka nyumbani anaelewa, maji mle ndani yanapita digrii 100 na bado yametulia, ukiachia mvuke ghafla ndo yanafoka. Sasa kwenye Bonde la Ufa ganda linavutwa huku na huku linakuwa jembamba, mantili inapanda taratibu, mzigo unapungua, basi mwamba unaanza kuyeyuka bila joto kuongezeka hata kidogo! Tena si wote, ni asilimia chache tu, vitone vinavyojipenyeza katikati ya chembe za mwamba, vinakutana, vinapanda kwa sababu ni vyepesi. Hiyo ndo magma.

Wengine wanasema inatoka kwenye kiini cha dunia. Hapana, kule ni chuma.

Halafu kuna hii ya kusema sisi tuna ziwa, maji yanatupozea volkano. Jamani, Ziwa Victoria kwenye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, mbele ya kilomita za miamba hiyo si kitu. Na maji yakifika ndani kabisa yanafanya kinyume, kule Japani na Indonesia sakafu ya bahari inazama chini ya ardhi na maji yake, yale maji yanafanya mwamba wa moto uyeyuke kirahisi zaidi. Kinachotulinda Mwanza ni bamba la zamani sana tulilokalia, nene na limepoa, Bonde la Ufa likashindwa kulipasua likazunguka, upande mmoja ukaenda Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu ambako volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mpaka ndani ya mji wa Goma, Kongo, mwaka 2002, upande wa pili Ziwa Natron na volkano ya Ol Doinyo Lengai.

Na magma haisubiri kama mafuta kwenye tanki, mara nyingi ni kama uji mzito wenye punje nyingi kuliko maji. Ikipanda gesi inatoka kama soda iliyofunguliwa, hapo ndo mlipuko.

Turudi kwenye mawe. Nilimwokotea mpwa wangu kipande cha granaiti nikamwambia angalia karibu, chembe nyeupe, nyingine kama kioo, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyometa. Hiyo ni magma kweli lakini haikuwahi kutoka nje, ilipoa kilomita nyingi chini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, taratibu mno, ndo maana chembe zikapata muda wa kukua mpaka unaziona kwa macho. Mwamba ukapasuka humo humo ardhini, maji yakala kingo za nyufa, mvua ikaja kuondoa udongo, mawe yakabaki yamepandana vile. Mpwa wangu akakwangua ulanga kwa ukucha, ukabanduka kama karatasi.