Deki ya mkanda na king'amuzi: waya wa antena peke yake hautoshi

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniletea deki yake ya VHS akiwa ameikumbatia kama mtoto. "Fundi, hii mashine imepofuka. Haioni chaneli hata moja."

Nilipotia kaseti, picha ikatoka bila chenga. Deki ilikuwa nzima kabisa. Shida ni kwamba kitafuta chaneli kilichomo ndani yake kinajua mawimbi ya analojia tu, na hapa Dar es Salaam analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Kebo anayolipia nayo ni ya dijitali. Ungeizungusha deki ile kutafuta chaneli hadi asubuhi, isingepata kitu.

Zamani kazi ilikuwa rahisi. Waya unaingia kwenye deki, unatoka kwenda kwenye TV, basi. Kwa kuwa deki na TV kila kimoja kilikuwa na kitafutaji chake, uliweza kutazama mpira huku deki inarekodi taarabu chaneli nyingine. Siku hizi anayechagua chaneli ni king'amuzi, na kinatoa moja tu kwa wakati. Ukibadilisha kwa rimoti, mkanda nao unabadilika. Nina kaseti ya taarifa ya habari ambayo katikati inageuka katuni. Watoto walishika rimoti.

Kwa hiyo sahau tundu la antena, tumia waya za AV. Zitoe kwenye king'amuzi, ziingize nyuma ya deki upande wa kuingilia, kisha zitoke kwenye deki kwenda kwenye TV. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Deki ikiwa na tundu moja tu la sauti, weka nyeupe. Halafu, na hapa ndipo wengi wanakwama, iambie deki isikilize tundu hilo: shuka chini ya chaneli 1 mpaka kioo chake kiandike AV, L1 au EXT. Mzee wangu alikuwa ameunga kila kitu sawasawa, ila deki ilikuwa bado iko chaneli 5.

King'amuzi kisichokuwa na AV, chenye HDMI tu, kinahitaji kigeuzi. Angalia unachonunua, maana kuna cha HDMI kwenda AV na cha AV kwenda HDMI. Vinafanana kama pacha, na cha pili hakitakusaidia. Kigeuzi kikiwa na swichi ya PAL na NTSC, yaani mifumo miwili ya picha za TV, weka PAL.

Picha ikiwa inang'aa kisha inafifia, inang'aa tena, usikubali kuuziwa hedi mpya, yaani vichwa vinavyosoma na kuandika mkanda. Mteja wangu mmoja alishauziwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Ule ni ulinzi wa kuzuia kunakili, unaoivuruga deki ipime vibaya mwangaza. Jaribu chaneli nyingine. Ikitulia, hedi hazina kosa.

TV ya kichogo isiyo na AV? Hapo deki inakuwa daraja. Inapokea AV kutoka kwenye king'amuzi na kuirusha kwa waya wa antena, mara nyingi chaneli 36 ya UHF au jirani yake; itafute kwenye TV, uihifadhi. Lakini deki iliyotoka Uingereza inaweza kukupa picha safi na sauti ya kuchemka kama mafuta ya kukaangia. Kule sauti iko megahezi 6 juu ya picha, wakati TV nyingi za Dubai zinaisubiri kwenye 5.5. Chungulia nyuma ya deki. Baadhi zina swichi ndogo ya I na G: I ni ile ya 6, G ni ya 5.5.

Kurekodi ukiwa haupo ni mtihani zaidi. Saa ya deki itaanza kurekodi, lakini haiwezi kukiwasha king'amuzi. Kiache kimewaka, kwenye chaneli unayotaka, na uzime ile mipangilio ya kujizima chenyewe. Umeme ukikatika, deki nyingi husahau saa na kila ulichopanga. Kaseti ya E-180 inabeba saa 3, au 6 ukiweka LP, yaani mkanda uende polepole. Mimi LP siipendi, picha inakuwa kama imefunikwa chandarua.

Nyuma ya rimoti ya mzee nilibandika karatasi yenye herufi mbili: AV.