Chupa Iliyopondwa na Chupa Iliyosagwa: Maelezo kwa Watengenezaji wa Bidhaa za Zege

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko kuhusu vitofali vya kutandaza chini vinavyopasuka baada ya kunyeshewa kwa misimu kadhaa, maabara yetu ya vifaa vya ujenzi inawakumbusha watengenezaji kwamba matumizi ya chupa chakavu kwenye zege hayajazuiwa, bali yana masharti. Kitofali kimoja tulichokipasua kilikuwa na nyufa zilizotapakaa kama utando wa buibui, na ndani yake vipande vya kioo vyenye ukubwa wa punje za mahindi vilikuwa vimezungukwa na ute mweupe uliokauka.

Ute huo hutokea pale alikali (kemikali kali za saruji, kama za sodiamu na potasiamu) zilizomo kwenye zege zinapoishambulia silika, yaani madini makuu ya kioo na ya mchanga. Hufyonza maji, huvimba, na kuipasua zege kutoka ndani. Mhandisi Thomas Stanton aliueleza mmenyuko huu mwaka 1940 huko California, akichunguza zege ya kokoto za kawaida. Kioo cha chupa, ambacho takriban asilimia 70 yake ni silika, kina hatari hiyohiyo kikiwa kimepondwa tu. Kikisagwa hadi chini ya mikroni 75, yaani unga laini kama wa ngano, silika yake huungana mapema na chokaa inayotolewa na saruji, ikageuka kuwa sehemu ya gundi yenyewe inayoishikanisha zege.

Tumeeleza mara nyingi, na tunalazimika kurudia, kwamba kufaulu kipimo cha nguvu siku ya 28 hakuthibitishi kuwa zege haitavimba baadaye. Kipimo kinachohusika ni cha ASTM C1260, kiwango cha shirika la viwango la Marekani: vipande vya mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) hutolewa kwenye kalibu baada ya saa 24, hukaa siku moja kwenye maji ya nyuzi joto 80 za Selsiasi, hupimwa urefu, kisha huzamishwa siku 14 kwenye myeyusho wa sodiamu haidroksaidi wenye joto hilohilo. Urefu ukiongezeka kwa chini ya asilimia 0.10, mchanganyiko huhesabiwa kuwa salama. Ukizidi asilimia 0.20, sisi hulikataa kundi zima, wala hatupimi tena vipande vilevile kwa ombi la mhusika. Kati ya viwango hivyo, uchunguzi zaidi unahitajika. Anayebadilisha chanzo cha chupa au mashine ya kusagia hana budi kuleta sampuli mpya, kwa kuwa majibu ya awali hayahusu mzigo mwingine.

Chupa zioshwe vizuri. Sukari ya soda huchelewesha saruji kushika, na vifuniko vya alumini hutoa gesi ya haidrojeni inayoacha matundu. Kioo cha televisheni za zamani chenye madini ya risasi kisichanganywe kabisa na chupa, hata kidogo, kwa sababu risasi hiyo inaweza kuchujuka na kuingia kwenye udongo na maji.